Kusimama Bila Kuyumba

Kocha wa mjini Bwera alimpa Biira karatasi ya kujaza na mzazi wake: baada ya miaka mitano, mtoto anataka awe amefika wapi katika jimnastiki?

"Tuandike Olimpiki," baba yake alisema. "Si wakubwa wa michezo walisema hivyo kwa mkutano?"

"Walisema na magodoro itakuja, baba. Iko wapi?"

Wakubwa walikula kuku, wakapiga picha na watoto, wakapanda gari kurudi Kasese. Huu mwaka wa pili watoto wanaangukia magunia ya maganda ya kahawa, na mkono wa Biira umefungwa kitambaa.

"Haya, wewe mwenyewe unataka nini?"

Biira alifikiri. "Mwaka huu, nipinduke nyuma nisimame bila kuyumba. Mwaka kesho, mara mbili. Nikikua, nifundishe wadogo hapa hapa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo si kidogo, baba. Jaribu wewe!"

Baba alicheka bila kupenda. Akashika kalamu, akaandika maneno ya mtoto polepole, herufi kwa herufi, mpaka jasho likamtoka.

Kisha akatazama nyuma ya mlango. Godoro la marehemu mke wake lilisimama pale, limeviringishwa, mwaka wa tatu sasa. Hata wageni walilazwa kwenye mkeka.

Akalipapasa fundo la kamba ya mgomba. Alilikaza mwenyewe siku ya kuanua matanga, na sasa lilikuwa limekauka kama mfupa.

"Biira," akasema, "niletee kisu."