Nati ya Mfuko wa Kulia

Fundi wa bembea aliingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, akakuta nati.

Tangu aajiriwe na idara ya bustani za umma, nati mpya hukaa mfuko wa kulia, kuukuu huzitupia wa kushoto. Asubuhi hii alikuwa amechukua nane kamili za kubadilisha, mbili kwa kila bembea, na mfuko wa kulia ulipaswa kuwa mtupu. Hii ilikuwa mpya kabisa, ingali na grisi.

"Tia saini, fundi, watoto wako getini," mkuu wa idara alisema, akimpa fomu ya ukaguzi. "Au umesahau kuandika?"

Wageni waliokuja kwenye uzinduzi wa bustani wakacheka. Fundi akatazama juu kwenye bomba lililoning'iniza minyororo. Moja ya bembea hizi nne ilikuwa na pengo la nati huko, ipi, hakujua. Ngazi ilisharudi bohari na gari.

Aseme, mbele ya wakubwa wote hawa? Akaenda bembea ya kwanza, akaketi, akajisukuma kwa nguvu zote. Ikambeba. Ya pili nayo ikambeba. Vicheko vikazidi, simu zikainuliwa kupiga picha. Ya tatu ikambeba vilevile, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, nati ikimuuma kiganjani.

"Kumbe ukaguzi ni raha hivi!" mkuu alidakia. Fundi alipogeuka, bosi wake alishakaa kwenye ya nne, tai imetupwa begani, viatu vikiachana na ardhi.