Kirusi Kilichoitwa Nsekela

Asubuhi, mashine ya kupima kinyesi cha ndama ililia bandani, na Nsekela akaacha ndoo ya maziwa akakimbia kutazama. Ndama wake alikuwa anahara, lakini alisimama imara na kunyonya vizuri. Kwenye kioo cha mashine paliandikwa: kirusi cha utumbo, hakijawahi kuonekana popote.

"Baba Ambokile, njoo uone!" alimwita mumewe. "Ni kipya! Ni chetu!"

Zama hizo sheria ilikuwa moja duniani kote: kirusi kipya hupewa jina la mwenye ndama. Rungwe nzima hakuna aliyewahi kupata bahati hiyo. Kufikia adhuhuri majirani walijaa uani wakipiga vigelegele, na redio ikalitaja jina la Nsekela mara tatu. Yeye, aliyeishia darasa la nne, alicheza mpaka kitenge kikamfunguka. Siku ya tatu ndama akapona kabisa.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza, "Nsekela ameingia Mbozi. Ameua ndama arobaini."

Nsekela akacheka kidogo, kisha akapunguza sauti ya redio.

Siku hiyohiyo mwanawe Ambokile alipiga simu kutoka Iringa. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike.

"Wajina wangu kaja!" Nsekela alipaza sauti, akirukaruka kama msichana. "Nsekela mdogo!"

Ambokile akashusha sauti.

"Mama," akasema taratibu, "tumeonelea tumpe jina la bibi yake wa upande wa pili."