Vidonge vya Galila

Kijiko kiligonga glasi jikoni, polepole, kama kimeshikwa na mtu asiyetaka kusikika. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Inshirah, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua mlango kwa ufunguo wake, alivua viatu akanyata.

"Sukari hiyo, Galila?"

Galila alishtuka, nusura aangushe glasi. "Sukari gani? Umeficha sukari, umeficha achari, umeficha jibini ya chumvi. Bado kunificha mimi."

Inshirah aliichukua glasi akainusa. Ilikuwa irkisusi tu, maji meusi ya ule mzizi mtamu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemletea mzizi huo miezi miwili iliyopita, kumpoza roho baada ya daktari kumkataza karibu kila chenye ladha. Akamrudishia.

"Haya, kunywa. Kisha umeze dawa."

Kila siku alikatiza vichochoro viwili vya Damanhur gizani, kuja kumpa Galila kidonge cha presha, kile cha kukojoza. Daktari alisema kimezwe mapema, ili safari za chooni ziishe mchana na mgonjwa asije akajikwaa usiku. Inshirah hakukosa hata siku moja. Alikuja amekunja uso, na maneno makali, lakini alikuja.

Galila alimeza, akainuka taratibu kama alivyofundishwa. Miguu ikakataa. Akarudi kitini kwa kishindo, mkono kifuani.

"Moyo," alisema. "Unaruka tena, kama mbuzi aliyekata kamba."

Inshirah akamfunga kipimo mkononi. Mia na tisini kwa mia na kumi. Akapima tena, yaleyale. Wiki ya tatu hii presha inapanda na miguu inalegea, na vidonge vinamezwa mbele ya macho yake!

Hasira zikampanda hadi utosini. Ni yule mwuza dawa. Ameuza chaki.

"Kaa hapohapo. Usiinuke mpaka nirudi."

"Hata haja ikinibana?"

"Utajua mwenyewe!" Akamsogezea ndoo, akamwekea mto mgongoni, akatoka mbio.

Duka la dawa la pale kwenye kona halikuwa likifungwa usiku. Inshirah alilibamiza boksi la vidonge juu ya meza hata kalamu zikaruka.

"Unamuuzia mgonjwa chaki wewe?"

Wagdi, mfamasia mwenye mvi aliyehamia mwezi uleule kutoka Aleksandria, alivaa miwani yake. "Sabalkheri na wewe, Hajjati."

"Sitaki salamu zako! Presha inapanda, miguu inalegea, moyo unaruka! Akinifia mikononi, unajua mtaa huu utasema nini? Unajua watasema nani kamuua?"

"Dada anayemhangaikia nduguye namna hii, nani atamsema?" Wagdi alitoa kidonge kimoja, akakigeuza mwangani, akasoma tarehe kwenye boksi. "Dawa hii ni nzima. Dada yako anakula nini?"

"Maharagwe bila chumvi. Mkate."

"Na kunywa?"

"Chai. Maji. Irkisusi."

Wagdi aliivua miwani. "Irkisusi? Kiasi gani?"

"Glasi tatu kwa siku, nne. Ni mzizi tu, umetoka kwa Mungu."

"Na nyoka je, katoka kwa nani?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hajjati, mzizi huo unapandisha presha. Tena unafukuza potasiamu mwilini, na kidonge hiki nacho kinaitoa kwa mkojo. Wezi wawili, nyumba moja. Ndiyo maana miguu, ndiyo maana moyo. Usimwongezee dawa wala usimwachishe kwa akili yako. Mpeleke hospitali sasa hivi, wakampime damu."

Inshirah alitaka kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana.

Nyumbani alimwaga jagi zima kwenye karo. Akaivunja ile mizizi vipande vipande, akaitupa, huku akiwalaani walioipanda na walioichimba hadi babu zao. Kisha akaingiza bega lake chini ya kwapa la Galila.

"Niegemee, mzigo wa mawe we!"

"Nikikuegemea utavunjika."

"Basi na nivunjike! Egemea!"

Wakafika barabarani hivyo hivyo, wakigombana, mpaka bajaji ikawachukua.

Hospitalini Galila alitolewa damu, akabandikwa nyaya kifuani, akatundikiwa chupa. Adhuhuri ilipoadhiniwa moyo ulikuwa umeanza kutulia. Inshirah alikuwa amesimama ukutani muda wote huo, kiti kikiwa tupu kando yake.

Daktari alikuja na karatasi mkononi, amekasirika. "Potasiamu ilibaki kidogo mno. Mngechelewa siku moja tungekuwa tunazungumza mengine. Nani alimpa irkisusi mgonjwa anayetumia dawa hii?"

Inshirah alibanduka ukutani, akasogea mbele.

"Nilinunua mwenyewe sokoni," Galila alisema bila kufumbua macho. "Huyu alinikataza, nikawa kiziwi."

Daktari aliguna, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nesi akabaki na fomu yake.

"Aliyemleta niandike nani? Dada wa mgonjwa?"

"Andika dada," Inshirah alidakia.

"Usimwandikishe uongo mtoto wa watu," Galila alisema. "Andika mke mwenza. Huyu ndiye niliyemnyang'anya mume, Mungu amrehemu huko aliko." Akapapasa shukani mpaka akaupata mkono wa Inshirah. "Na wewe, kesho uje tena."