Chumba cha Bandani

Mchoraji alikuwa hoi. Hii ilikuwa ramani ya tatu ya banda la alpaka, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu, na mteremko wenyewe ulimtoa jasho kila alipoupima.

Mama mwenye alpaka alikaa juu ya jiwe, akisugua magoti.

“Mwanangu, niongezee chumba hapo mlangoni.”

“Cha majani?”

“Cha kitanda.”

“Cha mlinzi, mama?”

“Changu.”

Penseli ilisimama. Nyumba ya mwanawe, yenye vyumba sita, ilikuwa kileleni hapo, na mama huyu aliishi humo.

Mchoraji alichora kuta nne, akazisogeza kidogo ili kitanda kienee.

“Dirisha lielekee wapi?”

“Popote, baba. Ila lisitazame kule juu.”