Matabishi ya Gari Jipya

Clémentine alikataa punguzo.

Florentin aliinua macho kutoka kwenye kikokotoo. Tangu aanze kuuza magari hapa Kindu alishaona wateja wa kulia, wateja wa kuapa, wateja wa kutaja wagonjwa wote wa ukoo. Wa kukataa punguzo hakuwahi kumwona.

"Mama, umesikia vizuri? Mimi njo nakupunguzia. Dola elfu moja na mia tano."

"Nimesikia, papa. Malizia kwanza kunieleza. Nataka kuelewa kila kitu."

Uani, nyuma ya dirisha, pikapu mpya nyeupe ilisimama na plastiki bado kwenye viti. Christelle, katibu wa ofisi, aliacha kazi yake ili asikilize.

"Hapa iko bei ya gari," Florentin alisema, kidole kikiteremka kwenye karatasi. "Hapa ushuru wa forodha. Hapa TVA, kodi ya mauzo."

"TVA juu ya bei peke yake?"

"Juu ya bei na ushuru, vyote pamoja."

"Kumbe hata kodi inalipiwa kodi."

"Njo serikali hiyo, mama. Hapa treni kutoka Lubumbashi. Hapa bima. Hapa plaki za namba."

"Na hii ya chini kabisa? Gharama za ofisi?"

Florentin alikohoa. "Hiyo ni kahawa yetu, mimi na Christelle."

"Usinitie humo, patron. Kahawa yenyewe sijawahi kuinusa."

Walicheka wote wawili. Clémentine hakucheka. Alikuwa amepakata mfuko wa kitenge, mzito, umefungwa fundo, na macho ya Florentin yaliurudia mfuko ule kila baada ya sentensi.

"Iache hiyo ya kahawa," alisema. Kisha akaonyesha ukutani, juu ya kalenda, palipokuwa na plaki ya zamani, yenye kutu, imekazwa kwa skrubu. "Na ile pale, gari lake lililipiwa nini?"

Florentin aligeuka, uso ukachangamka. "Ile? Gari langu la kwanza! Niliuziwa na wapiganaji, wakati wa vita. Forodha hakuna, TVA hakuna, bima hakuna. Bei moja, basi. Mwenyewe hakuwa na haja nalo tena."

"Na sasa liko wapi?"

"Lilikufa zamani, tukauza vyuma. Plaki nimebaki nayo, njo bahati yangu. Mwezi uliopita mzee mmoja alikuja kutaka kuinunua. Nikamfukuza."

"Alikosea," Clémentine alisema. "Vitu kama hivyo haviulizwi bei."

Nyumbani kwao, nyuma ya nyumba, kulikuwa na banda la gari lisilo na gari. Mama yake, Béatrice, alilifagia kila asubuhi tangu mwaka ule wa vita papa yake Clémentine alipokwenda Lokandu na pikapu yake kuchukua samaki, akafika kwenye kizuizi cha wapiganaji barabarani, asirudi. Bila mwili hakukuwa na maziko, na bila maziko matanga hayakufungwa. Watu walikuja kulia mwezi wa kwanza, wakachoka. Baadaye hawakujua waingie mle nyumbani wakicheka au wakilia, basi hawakuingia. Kaka zake Clémentine walihamia Kinshasa, wakawa sauti za simu za mwaka mpya. Walibaki wanawake wawili, sahani mbili, na banda safi.

Sasa Béatrice hakuweza tena kushika ufagio. Alilala akitazama mlango.

"Kama mwenyewe harudi," alimwambia binti yake, "basi gari lake lirudi. Nataka nimalize kulia kabla sijafa."

Ndiyo maana Clémentine alikuwa ameketi hapa, na hakuwa na muda wa kupoteza.

"Papa Florentin," alisema, "punguzo lako baki nalo. Badala yake nipe matabishi."

Florentin alitabasamu kwa raha. Hilo alilijua. Kindu nzima, hata muuza unga sokoni, akishakupimia, huongeza kiganja kimoja juu: hayo ndiyo matabishi yako. Na akishayatoa mbele ya watu hayarudishi, la sivyo atachekwa hadi ng'ambo ya Lualaba.

"Matabishi tu? Mazulia ya miguuni? Tairi ya akiba?"

"Nichague mwenyewe."

"Chagua, mama! Chochote kilicho ndani ya ofisi hii. Isipokuwa Christelle."

"Christelle, umemsikia?"

"Nimemsikia," Christelle alisema. "Mbona mimi njo ninaachwa?"

"Umenipa, papa?"

"Nimekupa. Haya, mama, tufungue mfuko."

Clémentine alifungua fundo. Akatoa bisibisi. Akapanda juu ya kiti, akazifungua skrubu nne, moja baada ya nyingine, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Florentin alisimama mdomo wazi, akamtazama Christelle, akaketi tena.

Aliposhuka na plaki mkononi, yenye namba alizozijua tangu utotoni, aliingiza mkono mfukoni mara ya pili. Hakutoa pesa. Alitoa kitambaa cheupe, kipya, kirefu, akakitandaza juu ya karatasi ya ushuru na bima, akailaza plaki katikati, akakikunja pande zote hadi kutu yote ikafichika. Kisha akaubeba mzigo ule kwa mikono miwili.

"Na gari?" Florentin alifoka. "Asubuhi nzima umenisemesha bure! Angalau uniombe radhi!"

"Sikuja kununua gari," Clémentine alisema akiwa mlangoni. "Nilikuja kumchukua papa. Kaburi liko wazi tangu asubuhi, na radhi siombi."