Rangi Mbichi Dirishani

Ilikuwa nondo ile ile ya dirisha, ya tatu kutoka kushoto, na mahali pale pale, kimo cha mtu aliyeketi. Rangi imebanduka, kutu imechomoza. Chini yake, karibu na ukingo, vidonda vya kugongwagongwa. Eladio alitupa brashi ya waya sakafuni, akatukana, kisha akamwomba Bikira Maria radhi.

Chumvi ya bahari aliijua. Pale Cádiz, kusini mwa Hispania, hula chuma kama mchwa anavyokula mbao, naye alikuwa akisugua vyuma vya dirisha hilo tangu akiwa kapera: brashi, msasa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nyeusi juu yake. Lakini chumvi haichagui nondo moja. Hii ilikuwa kazi ya mikono. Kulikuwa na mtu anakuja kuongea na binti yake, Salud.

Kule mwanamume mwenye nia haingii tu ndani ya nyumba ya watu. Husimama barabarani, mwanamke akaketi ndani, chuma kikawa katikati yao. Lakini huanza kwa kumwona baba. Huyu hakumwona baba.

Salud alikana. Eladio akamwambia kwamba akiendelea kukana, Jumapili baada ya chakula atapanda gari la farasi kwenda Écija kwa shangazi yake, na masomo ya ualimu aliyobakiza mwaka mmoja kuyamaliza ayasahau. Msichana alilia mpaka uso ukavimba.

Na mlinzi alikuwepo! Mchana, mji mzima ukiwa umelala kwa joto, mama yake Eladio, Bibi Angustias, huketi pale pale dirishani. Husema uzee umemnyang'anya usingizi. Eladio alimwuliza tena.

"Mama, kweli hujaona kijana hapa?"

"Kijana? Hata wa dawa."

"Na alama hizi?"

"Wewe sugua tu, mwanangu. Sugua mpaka chuma kiwe sindano, tushonee nguo."

Jumamosi likamjia wazo. Kabla ya kulala mchana, aliipaka ile nondo rangi nyekundu, nzito, asimwambie mtu. Harufu ya rangi nyumba nzima walishaizoea. Alipoamka akaikuta imevurugwa, vidole vimejichora waziwazi. Alicheka peke yake kama mwehu. Rangi ile haisikii sabuni. Ikishika ngozi, imeshika.

Asubuhi yake alisimama mlangoni mwa kanisa, penye maji ya baraka, akikagua kila kiganja kilichochovya. Vijana wa bandarini, mtoto wa mwoka mikate, karani wa posta. Wote safi. Mzee Fermín, mwashi mstaafu, alichovya akiegemea fimbo yake, na Eladio akamshika mkono kumpandisha ngazi, huku macho yakiwa kwa vijana. Mama yake alipita na glavu zake nyeusi za ujane, joto lote lile. Salud akamchovyea maji.

Chakula kilichelewa, na Eladio akakila kwa hasira. Sanduku la Salud lilikuwa mlangoni. Nje farasi alikuwa akipigapiga kwato.

"Mara ya mwisho," alisema. "Ni nani?"

Salud alimtazama bibi yake, kisha akaiangalia sahani.

"Basi inuka."

Msichana akainuka. Alikuwa ameshashika mpini wa sanduku Bibi Angustias aliposukuma kando bakuli lake la supu.

"Mwambie mwenye gari aende zake," alisema. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu.

Dirishani, chini kabisa ya nondo ya tatu, fimbo iligonga chuma polepole, mara mbili.