Skrubu Nyuma ya Pazia

Skrubu ilianguka tena, ya nne tangu asubuhi. Kemilembe aliisikia ikigonga sakafu nyuma ya pazia, kisha akamsikia baba yake akisonya.

Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha Kisesa ili ampeleke mzee India akatibiwe mikono iliyokuwa ikitetemeka. Huko walimnyoa kipara, wakamlaza kwenye mashine inayotuma mawimbi ya sauti hadi ndani ya ubongo bila kupasua chochote. Daktari alisema kwa umri ule angetuliza mkono mmoja tu, ule wa kazi. Mzee aliona haya mbele ya wauguzi wasichana, akanyamaza, hivyo Kemilembe akamjibia kwamba ni wa kulia. Jioni ile mzee alikunywa maji bila kumwaga tone, na bintiye akalia kwa furaha.

Sasa ni mwezi wa pili tangu warudi nyumbani Igogo, na Mzee Kashaija, fundi saa anayejulikana hadi Nansio ng'ambo ya ziwa, hajatengeneza hata saa moja. Mezani anakula wali bila kudondosha punje. Kanisani anawapa watu mkono, nao wanamshukuru Mungu. Lakini akiingia nyuma ya pazia lake, ambako tangu ujana hakuruhusu mtu kumtazama akifanya kazi, skrubu zinaanza kuanguka. Wateja wameanza kuja kuchukua saa zao zikiwa vilevile mbovu.

Shangazi Jovina alisema mzee anadeka tu, ameshazoea kuhudumiwa. Kemilembe alimkatalia. Siku hizi hakuwa tena na hakika, na jambo hilo lilimkera kuliko kupoteza kiwanja.

Skrubu ya tano ikaanguka. Kemilembe aliinuka, akapiga hodi kwa sauti kavu na, bila kungoja jibu, akalivuta pazia.

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeishika saa, umetulia kama jiwe. Bisibisi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, ikitetemeka hadi inagonga kioo.

"Baba, kwa nini hukumwambia daktari?"

Mzee aliinama kutafuta skrubu yake.

"Mbele ya wale mabinti, Kemi? Niseme nimekusomesha kwa mkono wa kushoto?"